Nikitega uani kwangu na mwizi akaumia, kosa langu ni lipi?

Fuso ya Uyole (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kichwa cha uzi kinajieleza, ila ngoja niseme yaliyonifikisha hapa.

Nakaa Uyole, upande wa barabara ya kwenda Tukuyu. Kazi yangu ni Fuso: napakia viazi, napeleka Dar. Kwa hiyo ndani ya wiki nalala nyumbani siku tatu, nikibahatika nne. Mwezi wa pili walibeba kuku wa mayai 23 usiku mmoja, banda likabaki manyoya. Mwezi wa nne wakang'oa pampu ya maji. Nikaripoti, nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, na RB iko kabatini mpaka leo. Wiki iliyopita ndiyo wamenimaliza. Wameruka ukuta saa nane usiku, mama watoto yuko peke yake na wanangu wawili, wakatikisa mlango wa jikoni. Akapiga yowe. Wakaondoka wanatembea. Hawakukimbia, walitembea! Hiyo inaniuma kuliko kuku.

Nina mawazo matatu. La kwanza, kuna mzee Igurusi ana gobore, nilitege bandani, atakayefungua limjibu. La pili, jamaa yangu wa Chunya anasema anaweza kunipatia baruti kidogo, ya kutisha tu. La tatu, nivute umeme wa kawaida niutie kwenye seng'enge ya juu ya ukuta, usiku unawashwa, asubuhi unazimwa.

Nyumba yangu, ukuta wangu, hati ina jina langu. Sijamwalika mtu. Wajuvi wa sheria naombeni mwongozo. Ambaye hajawahi kuibiwa apite kimya.

Kiazi Kikuu

Tega baba. Sheria zinatungwa na watu wenye walinzi getini.

Mpunga wa Igurusi

Mkuu, huku kwetu ukisema "mzee mwenye gobore" hadharani umeshamponza mzee wa watu. Futa hilo jina la kijiji kwanza, halafu tuendelee.

Afande Mstaafu

Kijana, pole kwa yaliyokukuta. Nimetumikia Mbeya na Iringa, nikastaafu salama, kwa hiyo nakueleza nilichokishika kwa mikono yangu.

Siku mtego wako ukifanya kazi, kituoni hatuanzi na mwizi. Tunaanza na maiti. Nani amekufa, amekufa kwa nini, kifaa ni cha nani, nani alikiweka. Maswali manne, na yote yana jibu moja: wewe. Utakamatwa ukiwa kwenye mizani au hotelini Mikumi, bado hujui hata kilichotokea. Na shitaka la kuua kwa kukusudia halina dhamana. Hakuna cha mdhamini, hakuna cha hati ya nyumba. Unakaa mahabusu ya Ruanda, kila wiki mbili unapelekwa mahakamani unaambiwa upelelezi haujakamilika, unarudishwa. Fuso inaota nyasi.

Asipokufa akaumia tu, usidhani umepona. Mtu mwenye jeraha la risasi hospitali watamtaka fomu ya PF3, na PF3 inatoka polisi. Hata akikimbilia kwa mganga wa kienyeji, likioza atarudi hukohuko.

Kiazi Kikuu

Afande unamtisha mtu bure. Sheria inasema wazi una haki ya kulinda mali. Nimeisoma mwenyewe, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 18. Au hiyo imefutwa?

Wakili Mtoro

Haijafutwa, na Kiazi Kikuu kasoma vizuri, ila kafunga kitabu mapema.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu cha 18 na vidogo vyake 18A, 18B na 18C, vilivyoingizwa mwaka 1980. 18A inakupa haki ya kujitetea wewe, kumtetea mwenzako, na kutetea mali, yako au uliyokabidhiwa. Mpaka hapo tuko pamoja. 18C inakwenda mbali zaidi: kuna mazingira ambayo hata ukisababisha kifo haki hiyo inakufunika, na uvunjaji wa nyumba usiku umo, unyang'anyi umo, uchomaji moto umo. Watu wengi hawajui kwamba sheria yetu ina upana huo.

Lakini angalia masharti. 18C inadai aliyetenda awe ametenda kwa nia njema, na awe ameamini kweli, kwa sababu za msingi, kwamba kitendo kile kilikuwa cha lazima kwa wakati ule. Sasa nikuulize mleta uzi. Saa nane usiku gobore limefyatuka, wewe uko Mikumi umelala juu ya turubai. Nani aliamini? Wewe hukumwona mtu, hukusikia kishindo, hukuogopa chochote. Aliyekuwepo ni kamba. Kamba inaamini nini?

Mama watoto wako angekuwa nyuma ya ule mlango wa jikoni ameshika panga, mlango ukavunjika, mtu akaingia, akampiga, mahakama ingemsikiliza, na ingemsikiliza kwa makini kabisa. Alikuwepo, aliogopa, alikuwa na watoto. Yeye ana utetezi. Kamba haina.

18B ndiyo inayomalizia: nguvu utakayotumia iwe ya kiasi kinachohitajika tu. Ukizidisha unawajibika kwa kosa lililotokea, na mtu akifa kwa nguvu iliyozidi, hiyo ni kuua bila kukusudia, adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Mwizi wa kuku anahitaji nguvu kiasi gani? Jibu mwenyewe.

Fuso ya Uyole

Wakili nashukuru, ila mbona naona unanipeleka kwenye "bila kukusudia"? Afande kasema kukusudia. Mimi simkusudii mtu. Nitaandika bango kabisa: HATARI, USIINGIE. Na moyoni naomba asije mtu. Akija, kajitakia.

Wakili Mtoro

Hapo ndipo pabaya, na ningependa kila anayepita uzi huu asome hapa mara mbili.

Kifungu cha 200 kinaeleza dhamira ovu ni nini. Siyo lazima umchukie mtu. Kwanza kinasema ukikusudia kuua au kudhuru vibaya mtu *yeyote*, inatosha, hata kama aliyekufa siye uliyemlenga. Pili kinasema inatosha ukijua kwamba kitendo chako pengine kitaua au kudhuru vibaya, hata kama hujali litokee au lisitokee, na hata kama *ulitamani lisitokee*. Sijaongeza chumvi, kiko hivyo. Maombi yako ya moyoni sheria ilishayasikia, ikayakatalia mlangoni.

Bango nalo linakugeukia. Wakili wa Serikali atalishika juu atauliza: shahidi, ulijua kuna hatari ya kifo? Umeandika mwenyewe.

Na hata asipokufa, kumdhuru mtu vibaya kwa kukusudia, kifungu cha 222, adhabu yake inafika maisha.

Ndizi Mzuzu

Hapa nilikuja kucheka sasa nimekaa kitako.

Shangazi wa Rungwe

Naomba niseme langu, siyo la kusoma.

Mtoto wa kaka yangu, miaka 11, alitumwa kufuata ndama aliyekata kamba. Ndama kaingia shamba la jirani, mtoto kaingia nyuma yake. Kule ndani jirani alikuwa ametega chuma, ile ya meno, anasema alikuwa anawavizia wezi wa ndizi na nguruwe pori. Mguu wa mtoto ulikatwa chini ya goti.

Huyo jirani siyo mtu mbaya. Tulisali naye benchi moja, ndiye aliyembeba mtoto mgongoni mpaka barabarani, analia kuliko sisi. Wazee wakakaa, akatozwa ng'ombe wawili, kaka akapokea, tukadhani yameisha. Hayakuisha. Polisi wakasema makosa ya namna hii wazee hawana mamlaka ya kuyafuta, kesi ikaenda. Nikamwona mkewe mahakamani na mtoto mgongoni, nikakosa hata pa kuangalia.

Kaka Fuso, wewe umesema una watoto wawili. Mpira ukiruka bandani atakwenda nani?

Fuso ya Uyole

Shangazi umenigusa. Pole sana kwa mtoto.

Ila wanangu nitawaambia wasisogee.

Shangazi wa Rungwe

Na huyu naye aliambiwa asiingie mashamba ya watu.

Duara la Chunya

Mimi nizungumzie baruti maana ndiyo inayonilisha.

Mleta uzi, huyo jamaa yako anayesema atakupatia "kidogo" au ni mwizi wa stoo au ni mwongo, hakuna wa tatu. Baruti ina sheria yake, Sheria ya Baruti, Sura ya 45, ya tangu 1963, na iko chini ya watu wa madini. Kununua kuna kibali, kusafirisha kuna kibali, stoo ina leseni, na anayelipua lazima awe na cheti. Fataki, vile viwashio vya baruti, hatuzilazi stoo moja na baruti, zina chumba chake. Kila kilichotoka kinaandikwa kwenye daftari, na kilichobaki kinarudi. Sasa kipande kikitoka Chunya kikakutwa Uyole nyuma ya banda la kuku, utaeleza nini? Kabla hata hakijalipuka umeshafungwa. Kwa hali ya siku hizi wakikukuta na baruti, fataki na tambi za kuwashia ndani ya nyumba ya makazi, hawatakuuliza habari za kuku. Watakuuliza habari za ugaidi. Uwapeleke banda, hawalioni.

Halafu hiyo ya "kutisha tu" inanichekesha. Mimi nimekaa kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, miaka 12. Kombora, yaani baruti iliyotegwa mwambani, likigoma kulipuka hatulisogelei, tunasubiri, na anayekwenda kuliangalia ni yule mwenye cheti, na wote tunanyamaza mpaka arudi. Hao ni watu wa kazi, mchana, wanaojua limewekwa wapi. Wewe unataka ulale nalo ukuta mmoja na mke.

Mpunga wa Igurusi

Na gobore je? Maana wazee wengi huku wanaona ni jembe kama majembe mengine.

Afande Mstaafu

Gobore ni silaha ya moto. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haibagui ya kiwandani na ya kufua. Kumiliki bila leseni ni kosa, na mara nyingi linafunguliwa kama uhujumu uchumi, ambako kifungo kinaanzia miaka 20. Hata mwenye leseni, leseni ni yake yeye. Hawezi kumwazima dereva wa Fuso akalifunge bandani. Huyo mzee wako mtamwingiza gerezani naye pia, kwa kukuonea huruma. Msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari ukitangazwa, mwambie alipeleke kwa mtendaji au kituoni, hataulizwa kitu.

Shoti ya Iyunga

Wa umeme nimefika, mmeanza bila mimi.

Kaka Fuso, kuna vitu viwili watu wanaviita jina moja. Fensi ya umeme unayoiona kwenye majumba ya mtaa wa Forest na kwingineko haijaunganishwa moja kwa moja na nguzo. Ina mashine yake ukutani. Mashine hiyo inatoa pigo fupi sana, kama moja kwa sekunde, halafu inanyamaza. Volti ni nyingi, elfu kadhaa, lakini nishati ya kila pigo imewekewa kikomo: viwango vya kimataifa vinasema isizidi jouli 5. Ukigusa unarushwa, unatukana, unaondoka na akili mpya. Ile kunyamaza kati ya pigo na pigo ndiko kunakokupa nafasi ya kuachia waya.

Unachotaka kufanya wewe ni kingine. Volti 230 za nyumbani hazinyamazi. Zinakushika misuli, mkono unakaza badala ya kuachia, na mapigo yake 50 kwa sekunde ndiyo yanayouvuruga moyo. Mbeya mvua zinaanza Novemba mpaka Aprili au Mei, ukuta umelowa, nyasi zimelowa, na seng'enge ya kwetu imefungwa kwenye nondo. Umeme hauwezi kukaa juu kwa heshima ukimsubiri mwizi. Utashuka. Utalikuta geti, utaikuta kamba ya kuanikia nguo. Nimewahi kuitwa nyumba moja huku Iwambi, mtu amefanya hivihivi kuzuia wezi wa mahindi, nikakuta mbuzi wawili na mbwa wake mwenyewe wamelala. Tulishukuru Mungu kuwa ni mbuzi.

Ukitaka fensi, weka ya mashine, na vibao vya tahadhari kila upande. Hiyo haina kesi.

Kiazi Kikuu

Nyie wote mnamtetea mwizi. Nchi za wenzetu mtu akiingia kwako unampiga risasi na hakuna wa kukuuliza. Marekani hiyo.

Wakili Mtoro

Nilijua Marekani itafika. Karibu.

Jimbo la Iowa, mwaka 1967. Mume na mke, Briney, walikuwa na nyumba ya shamba ya urithi, haina mtu, vibaka wanaingia kila mara. Wamevunjiwa madirisha, wameibiwa, wameripoti. Kama wewe kabisa. Wakafunga bunduki chumbani ikielekea mlangoni. Akaingia mtu anaitwa Katko, kafuata chupa na mitungi ya zamani, akafungua mlango, mguu ukasambaratika. Mwizi, kakiri mwizi. Akawashitaki wenye nyumba madai, na akashinda: dola 20,000 za fidia na 10,000 za kuwaadhibu. Mahakama ya Juu ya jimbo ikathibitisha mwaka 1971. Hoja ilikuwa kwamba mwenye nyumba hawezi kukifanya kwa kifaa kile ambacho asingeruhusiwa kukifanya mwenyewe akiwa pale. Na angekuwa pale asingeruhusiwa kumvunja mguu mtu kwa ajili ya mitungi.

California, 1974, mwingine alitega bastola gereji, ikampata usoni kijana wa miaka 16. Huyo alitiwa hatiani kwa jinai. Kwa hiyo hiyo Marekani ya "hakuna wa kukuuliza" ni ya mtu aliyesimama mlangoni mwake. Ya kamba hata kule hawaitaki.

Na Uingereza ni ya zamani zaidi. Mwaka 1828 walihukumu kesi ya bustani ya maua ya tulipu. Mwenye bustani ameibiwa maua, katega bunduki bila bango. Kijana karuka ukuta kumfuata tausi wa jirani aliyepotea, akajeruhiwa. Tausi, Shangazi. Wewe ulisema ndama. Mahakama ikampa kijana ushindi. Hili linatuhusu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu mahakama zetu zilirithi sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, ndivyo Sura ya 358 ya sheria zetu inavyosema. Ukishitakiwa madai ya fidia, wakili wa upande wa pili ana pa kuanzia.

Ndizi Mzuzu

Kwa hiyo mwizi anaweza kuniibia, akaumia kwangu, na bado nikamlipa?

Wakili Mtoro

Akiteleza kwenye ukuta wako akavunjika, hakudai kitu. Akiumia kwa kitu ulichokiweka ili aumie, anaweza. Chupa zilizopasuliwa juu ya ukuta, seng'enge, miiba, anaziona kabla hajashika. Zinamzuia. Mtego lazima usionekane ndiyo uwe mtego, na hapo ndipo mpaka wenyewe ulipo.

Kamwene Mafinga

Sisi huku kwenye mbao tulisumbuliwa sana. Mbao zinakatwa mchana zinabebwa usiku. Tulichofanya: zamu. Watu sita, filimbi, tochi, na namba ya polisi kata kwenye simu ya kila mmoja. Wiki ya kwanza tulisinzia wote. Wiki ya tatu tukamkamata mmoja, na alikuwa ni mtu aliyekuwa anapanga zamu. Sina zaidi.

Mpunga wa Igurusi

Hahahaa, huyo wa zamu kaniua. Kamwene, ulianzaje kumkamata bosi wako?

Kamwene Mafinga

Alisahau kwamba siku ile alijiondoa kwenye orodha.

Afande Mstaafu

Nyongeza moja tu nilale. Nyumba ikishika moto, zimamoto wanapita wapi? Polisi wakiitikia yowe la mkeo saa nane usiku, wanaruka ukuta gani? Uleule. Mimi niliruka kuta nyingi.

Fuso ya Uyole

Wakuu nimesoma yote, mengine nimesomea stendi ya Makambako. Naomba nikiri kitu. Gobore nilishaongea na mzee, tulikuwa tunasubiri nirudi. Nimempigia nimemwambia basi. Akasema "nilikuwa nakungoja wewe mwenyewe useme." Inaonekana naye hakupata usingizi.

Wa Chunya sijampigia, nimemfungia namba.

Shoti, mashine ya fensi naomba tuongee pembeni. Kwa sasa mama watoto kafunga makopo ya rangi kwenye uzi nyuma ya banda, yanalia ukigusa, na mlango wa jikoni tumeweka komeo la chuma. Nimemnunulia na filimbi. Majirani watatu tumebadilishana namba, kumbe wote wameibiwa na kila mtu alikuwa kimya anadhani ni peke yake.

Kiazi Kikuu

Makopo. Sawa.

Fuso ya Uyole (mrejesho, wiki tatu baadaye)

Kwangu hawajarudi. Wamekwenda nyumba ya nne, kwa mwalimu, wamebeba runinga na mtungi wa gesi. Jana mwalimu kaja nyumbani, kakaa, kanywa chai, halafu kwa sauti ya chini akaniuliza kama mimi dereva simjui mtu wa Chunya.

Nimemtumia uzi huu. Ameanza kuusoma, amefika kwa Shangazi.

Shangazi wa Rungwe

Mwambie mtoto yuko darasa la saba sasa. Anatembea na mguu wa bandia, wa pili huo, wa kwanza ulishakuwa mfupi.

Ndizi Mzuzu

Jamani, kwa Uyole na Mbalizi nani anauza watoto wa mbwa? Siyo wa mapambo, nataka wanaobweka.